Mwaka Picha Ilipopewa Zamu

Arobaini ya Mwanaidi ilipokwisha, na masufuria ya kuazima yamesharudishwa kwa wenyewe, mjukuu wangu Rehema alitoka chumbani mwa marehemu ameikumbatia ile picha yetu ya kuchorwa, kaifunga kwa kanga, akaniuliza, "Bibi, hii sasa tuitundike wapi?" Nikamwambia aiweke chini kwanza. Akaona machozi yananilenga, akadhani namlilia mke mwenzangu. Nilikuwa namlilia, sikatai. Tumekaa naye nyumba moja maisha mazima, hata paka ungemlilia. Lakini umri wa kudanganya watu umeshanipita, basi niseme: kilichonitoa machozi pale si msiba peke yake. Ni wivu. Mie Zuhura, bibi kizee nisiyeweza kutafuna hata kipande cha muwa, nimemwonea wivu maiti. Na wivu wenyewe ni uleule wa mwaka niliokuja nyumba hii, haujachakaa hata kidogo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, picha ya Malkia mpya ndiyo kwanza inabandikwa maofisini. Temeke yetu ilikuwa mikorosho na mihogo, nyumba moja hapa, nyingine kule. Niliolewa na Athumani, mpishi wa Wazungu, nikawa mke wa pili. Sababu iliyosemwa ni kwamba Mwanaidi hakujaliwa mtoto, na mie nilikuwa msichana mbichi, mzuri, najijua ni mzuri. Nilipoingia nikamtazama bi mkubwa, mwanamke mweusi wa wastani, jino la mbele limevunjika, kanga ya kushindia imepauka kwa jua, nikasema moyoni, haa, hapa pana kazi gani? Nikapewa chumba kilichopakana na chake. Nyumba ilikuwa ya udongo na fito, imepakwa chokaa, na kuta za vyumba zilikuwa haziendi mpaka juu. Zinaishia usawa wa mkono wa mtu mrefu akiunyoosha, kutoka hapo ni makuti tu, hewa inazunguka na maneno yanazunguka. Chumbani mwangu palikuwa na kitanda kipya cha besera, cha nguzo nne, kioo, sanduku langu la nguo, na asumini kwenye sahani. Chumbani mwake palikuwa na kitanda cha kamba na jamvi. Sasa niambie wewe, mwanamume angekaa wapi?

Zamu zetu zilikuwa siku mbili mbili, na mwenye zamu ndiye anayepika. Siku zangu nilijituma. Nilipika wali wa nazi, nikatia hiliki kwenye chai, kuku nikamkaanga kisha nikamuunga. Athumani alikula taratibu, akasema, "Kizuri, alhamdulillahi," akanawa. Siku za Mwanaidi ilikuwa bada la muhogo na kisamvu cha papa, basi, na mpishi wa Wazungu, mtu anayeoka keki mchana, analifuta sinia kwa kidole mpaka linang'aa. Nilikaa uani kwenye figa langu lililozimika namtazama. Kisha wanaingia ndani, taa ya chemli inawashwa, na juu ya ukuta naanza kusikia. Mnong'ono. Mnong'ono mrefu, sauti mbili zimechanganyika, huokoti neno. Halafu Athumani anacheka. Alikuwa na kicheko cha kukosa pumzi, anakohoa katikati, anaomba maji. Chumbani mwangu hakuwahi kucheka hivyo. Chumbani mwangu alikuwa mume mwema, mpole, anauliza kama nina haja ya chochote, anageuka, analala. Mwaka ule wote nilitaka jambo moja tu katika dunia hii, acheke kwangu kama anavyocheka kwake.

Picha ilikuja baada ya vuli. Athumani alikuwa anampikia Mzungu mmoja huko Kurasini, fundi wa mitambo, tulimwita Bwana Doru. Hakuwa Mwingereza wala Mjerumani, alikuwa Mrumania, na Waingereza walikuwa hawamkaribishi kwenye meza zao. Kwao kuliingiliwa baada ya vita, nyumba ikachukuliwa na wengine, akawa hana pa kurudi. Kila Jumapili alikuwa akikaa barazani na brashi zake anachora kwao, anachora kwa kichwa, hana pa kutazamia. Athumani alisema mara nyingine anaacha brashi inakauka, anaingia ndani, na chakula hataki. Alipopata kibali cha kwenda kuishi nchi nyingine ya mbali alifunga sanduku moja, na picha akampa Athumani. Alisema hataki kuitazama huko aendako. Athumani akaileta kwa baiskeli, kaifunga kwa shuka, anaikokota baiskeli hakuipanda, kutoka Kurasini mpaka Temeke.

Tukaitazama sote ukumbini. Vilima vya kijani, kimoja mgongoni mwa kingine. Njia ya vumbi inapinda katikati. Kisima chenye mti mrefu wa kuinulia ndoo, bata bukini weupe, nyumba moja nyeupe yenye paa refu. Na huku na huku vilimani, tele, nyumba za duara zenye ncha juu, zimeezekwa nyasi kavu kutoka juu mpaka chini, ila hazina milango. Njiani palikuwa na mwanamke kajifunga kitambaa kichwani, furushi begani. Alikuwa mdogo mno, huwezi kujua kama unamwona uso au kisogo. "Kumbe na Ulaya wanajitanda," alisema Mwanaidi. Nilisema nyumba bila mlango ni nyumba gani tena, akanijibu, "Nyumba za wake wenza hizo. Kila mtu na yake. Huoni zilivyo nyingi?" Athumani akaanza kucheka, nami nikanuna. Kisha, bila kuuliza mtu, akachukua nyundo na kijiti cha mwarobaini, akaenda kuitundika chumbani mwa Mwanaidi. Ati kwa sababu ndiye mkubwa.

Ebo! Mkubwa! Nilivumilia zamu zake mbili tatu, na kila jioni mnong'ono ulizidi, kicheko kikazidi, na sasa nilikuwa nalisikia neno picha, picha. Nikajua basi, anamsimulia mambo ya Rumania aliyoambiwa na Bwana Doru, na mie sina langu ila kutazama makuti. Zamu yangu ilipofika sikuwasha moto. Athumani akarudi kazini akakuta figa limelala, nami nimelala. "Unaumwa?" Nikasema siumwi. "Basi kuna nini?" Nikasema, "Mwenye picha ndiye apike." Akamwita kaka yake, Mzee Ramadhani, mtu wa haki, na kesi ikasikilizwa ukumbini baada ya alasiri. Nikamwambia, "Shemeji, mwanamume wa wake wawili akinunua doti moja ya kanga ananunua na ya pili. Mie nadai yangu. Kama picha ni moja, basi aikate katikati." Mzee Ramadhani akamgeukia ndugu yake, akamwambia binti ana hoja. Mwanaidi alikuwa pembeni anapeta mchele, hakuusimamisha ungo hata mara moja. Akasema tu, "Kelele zote hizi za nini? Picha nayo ipewe zamu. Imfuate bwana. Akiwa kwangu iwe kwangu, akiwa kwake iwe kwake."

Nadhani alisema kwa kejeli, na Mzee Ramadhani alicheka mpaka kofia ikamteleza. Lakini Athumani alikuwa amechoka na njaa, akadakia palepale, "Sawa, na iwe hivyo." Basi ikawa sheria ya nyumba. Kijiti kingine cha mwarobaini kikapigwa chumbani mwangu, chokaa ikaanguka kitandani. Kila zamu inapobadilika, jioni kabla bwana hajarudi, Mwanaidi anaiteremsha picha, anaifuta kwa ncha ya kanga, ananikabidhi mlangoni. "Mpokee mgeni wako." Nami zamu yangu ikiisha naibeba kuirudisha, namwachia mlangoni, wala siifuti. Mtaa mzima ulijua. Jirani yetu Mama Shomari akiiona inapita ukumbini anapaza sauti kutoka barazani, "Mke wa tatu anahama huyo! Leo kaenda kwa nani?" Niliona haya, lakini nilikuwa nimeshinda. Kwa muda wa jioni moja niliamini hivyo.

Jioni ile ya kwanza niliipangusa taa, nikachoma udi, nikaiweka chemli mahali ambapo mwanga unaipiga picha sawasawa. Athumani akala, akanawa, akajinyoosha. Nikakaa kando yake nikamwambia, "Haya, nambie." Akauliza, "Nikwambie nini?" Nikasema, "Ya picha. Mambo ya huko kwao." Akaitazama. Akasema, "Si hiyo unaiona? Kwao ndiko huko. Kuna baridi." Nikangoja. "Na kisima?" nikauliza. "Kisima cha maji," akasema, na si muda akawa anakoroma. Nikabaki mie na vilima vya Rumania na wivu wangu. Siku zile mbili zilipokwisha nikairudisha, na jioni hiyohiyo juu ya ukuta mnong'ono ukaanza, kicheko kikaja, akakohoa, akaomba maji. Nililiuma shuka. Picha ni ileile, mwanamume ni yuleyule! Nilikuwa mzuri kuliko yeye, nakwambia tena nilikuwa mzuri, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeshaingia, na bado nilikuwa nagawiwa makombo.

Asubuhi, bwana akishaenda kazini, tunabaki wawili uani na kazi zetu, yeye na mbuzi yake ya nazi na mie na chungu changu, na ugomvi wetu ulikuwa juu ya yule mwanamke wa njiani. Mie nilisema anaondoka. Kapewa talaka yake, kafunga nguo zake, anarudi kwao. Mwanaidi hakunyanyua macho. "Nani kakwambia? Huyo anakuja. Ndiyo kwanza anaolewa, hata njia haijui." Nikamwambia anayekuja kuolewa habebi furushi mwenyewe. Akasema, "Wengine wanakuja na furushi na maneno yao humohumo." Tulibishana hivyo mvua ya masika ikaanza na ikakatika. Kila mtu alijua anamsema nani. Mie nilikuwa namwona yeye akiondoka, yeye alikuwa ananiona mie nikija.

Siku moja katika zamu yake, hata isha haijaadhiniwa, kicheko cha Athumani kilipanda juu ya ukuta nikashindwa. Niliinuka na tumbo langu, nikabuni kwamba nimeishiwa kiberiti, nikasukuma pazia la Mwanaidi. Na nilichokiona sijakisahau. Athumani kalala chali kwenye jamvi, mkono kaulaza juu ya macho, picha haitazami hata kidogo. Mwanaidi ndiye anayesimulia. Anachambua kisamvu cha kesho, anaongea polepole, na Athumani anasema tu, "Enhe?" na "Kisha?" Hakukuwa na mambo ya Rumania ya Bwana Doru. Mwanaidi alikuwa anatunga mwenyewe! Hadithi ilikuwa imefika kwa mwanamume wa huko vilimani mwenye wake wengi, kila mke kajenga nyumba bila mlango kwa hasira, na bwana mwenyewe anazunguka nyumba hadi nyumba anapapasa ukuta, zamu anaijua, mlango haupati. "Mbona hayumo kwenye picha?" Athumani akauliza. Mwanaidi akamjibu, "Yuko nyuma ya ile ya tatu, bado anapapasa," na mume wangu akajikunja kwa kicheko. Ndipo Mwanaidi akaniona. "Kaa, mwenzangu," akasema, "tumefika pazuri." Nikasema leo si zamu yangu, nikachukua kiberiti nikatoka.

Mpaka siku hiyo nilikuwa naona wivu juu ya vitu. Kitu unaweza kudai, ukaitiwa shemeji, ukagawiwa. Sasa nilikuwa naona wivu juu ya ulimi wa mtu, na huo nitaudai kwa kadhi gani? Nililia, kisha nikasema, hee, kwani mie bubu? Zamu yangu ilipokuja nikaipokea picha, na safari hii niliifuta. Athumani alipojinyoosha nikaanza. Nikasema palikuwa na mtu huko Rumania, ana wake wengi. "Enhe," akasema, sauti ya kutia moyo mtoto. Nikasema kila mmoja kajenga nyumba isiyo na mlango. Nikasema naye akazunguka. Akazunguka hii, akazunguka ile. "Kisha?" Nikasema, kisha... kisha akazunguka tena. Jasho linanitoka. Nikaona mkono wake unapanda juu ya macho na pumzi inaanza kuwa nzito, ananiponyoka palepale mikononi. "Kisha," nikasema, "kisha..." Na juu ya ukuta, kutoka chumba cha pili, sauti ya Mwanaidi ikasema, kavu kabisa, "Kisha akachoka, akaenda kwa bukini. Bukini akamwambia, leo si zamu yangu."

Athumani alicheka. Alicheka mpaka akaketi, akakohoa, akaniomba maji. Chumbani mwangu, katika zamu yangu, juu ya kitanda changu cha besera, nilichokuwa nakililia mwaka mzima kikanijia, na hakikuwa changu. Nilimpa maji kwa hasira. Na ubaya wenyewe, uchungu wenyewe hasa, ni kwamba na mie nilicheka. Nilijaribu kuzuia nikashindwa, tumbo likauma, mtoto akacheza ndani. Sijui Mwanaidi alinipa kicheko kile au aliniibia. Nimelala na swali hilo miaka mingi kuliko niliyolala na mume. Tangu siku ile, siku za zamu yake, mnong'ono ulikwisha. Alipandisha sauti, kila neno likawa linavuka ukuta linaniangukia. Mie nilisema ananirusha roho. Mama Shomari alisema hapana, anakusimulia na wewe. Nilimwambia Mama Shomari ashike lake.

Wanangu wote walizaliwa hapa, na wote walilala kwa hadithi zake. Wakishakula tu wanakimbilia kwa Mama Mkubwa, mie naachiwa vyombo. Uchungu wa kuzaa wangu, kicheko chake. Athumani alipofariki tulikaa eda chumba kimoja, wajane wawili na picha yetu, na pale ndipo aliponisimulia uso kwa uso kwa mara ya kwanza, mpaka nikamjua yule bwana wa vilimani na wake zake wote kwa majina. Eda ikaisha, picha ikaendelea na zamu zake, siku mbili kwangu, siku mbili kwake, wala hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwanangu aliibomoa nyumba ya udongo akajenga hii ya matofali, kuta zimefika juu na dari limepigwa, kwa hiyo siku ambazo si zangu ikanibidi nihamishe kigoda changu nikakae mlangoni kwake nisikilize. Sikuingia. Mwanaidi akiwa bado hai, Rehema aliniletea simu yake, kanitafutia Rumania. "Bibi, hizi si nyumba," akasema. "Ni majani ya ng'ombe yamekaushwa yakarundikwa." Nikamwambia akome, na asithubutu kumwambia Mama Mkubwa.

Wiki yake ya mwisho Mwanaidi hakuwa na nguvu ya kusimulia. Nilimlisha uji kwa kijiko, anameza kidogo, anaitazama picha. Nikamuuliza, maana nilikuwa nimeshakata shauri kwamba hataniacha na swali hilo, "Mwanaidi, leo nambie kweli. Yule mwanamke, anaondoka au anakuja?" Akasema, "Nitamuuliza Athumani." Akacheka na jino lake lililovunjika, na mie nikakisukuma kijiko kinywani mwake nisimwone.

Basi ndiyo hayo yaliyokuwa yananiliza pale ukumbini na Rehema kasimama na picha yake. Kaenda. Mwanaidi kaenda na hadithi zote, kamkuta mwanamume kalala chali anamngoja, na sasa hivi anamsimulia, naye anasema enhe, naye anasema kisha, na safari hii hakuna ukuta mfupi wa kuniletea hata neno. Ni zamu ndefu hii! Nikajifuta uso. Rehema akauliza tena, "Chumbani kwako, bibi?" Nikamwambia hapana, itundike chumbani kwa Mwanaidi. "Lakini mle hamna mtu." Nikamwambia sheria ya nyumba hii ni kwamba picha inamfuata bwana, na bwana yuko kwake. Ila Mwanaidi asijisahau. Nami nakuja na furushi langu, na nikifika mlangoni kwao sitapiga hodi, nitauliza leo zamu ya nani.